Utafiti Uliokubaliwa, Ombi Lililokataliwa: Kisa cha Profesa wa Sheria, Rangi na Adhabu ya Kifo Georgia

Kuhusu kisa hiki

Mwanafunzi wa sheria hufundishwa mapema kwamba anayedai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Kisa hiki kinahusu dai kwamba katika jimbo la Georgia rangi huathiri nani ahukumiwe kifo; dai hilo lililetwa na uthibitisho wake, likafika mbele ya majaji tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani, na wengi wao wakaamua kwa kuchukulia kwamba uthibitisho ule ulikuwa sahihi, kisha wakalikataa dai lenyewe. Aliyeutayarisha uthibitisho huo ni profesa David Baldus wa chuo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Iowa, pamoja na profesa mwenzake wa sheria, Charles Pulaski, na mtaalamu wa takwimu, George Woodworth.

Majina ya mfungwa, ya askari aliyeuawa na ya mashahidi nimeyaondoa, kwa kuwa somo halitegemei majina hayo na kwa kuwa familia mbili zilipoteza watu wao katika jambo hili. Majaji na wataalamu waliotenda kwa nafasi zao za hadharani nimewataja.

Usuli

Kabla ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, sheria za jinai za jimbo la Georgia zilitamka wazi kwamba adhabu hutegemea rangi. Chini ya sheria ya mwaka 1861, mtu mweusi aliyembaka mwanamke mweupe aliadhibiwa kwa kifo, mtu mwingine aliyefanya kosa hilohilo alifungwa miaka 2 hadi 20, na aliyembaka mwanamke mweusi alipewa faini na kifungo kwa kadiri mahakama ilivyoona inafaa. Maneno hayo yalifutwa vita vilipokwisha, lakini mazoea hayafutwi kwa kalamu. Kati ya watu 455 walionyongwa au kuuawa kwa njia nyingine za kisheria nchini Marekani kwa kosa la ubakaji tangu mwaka 1930, 405 walikuwa weusi.

Mwaka 1972, katika kesi ya Furman dhidi ya Georgia, Mahakama ya Juu ilibatilisha adhabu ya kifo kama ilivyokuwa ikitolewa wakati ule. Jaji Potter Stewart aliandika kwamba hukumu hizo zilikuwa za kikatili na zisizo za kawaida kwa namna ileile ambayo kupigwa na radi ni jambo la kikatili na lisilo la kawaida. Georgia ikatunga sheria mpya: kesi ya mauaji ingegawanywa sehemu mbili, kwanza hatia na kisha adhabu; juri lingelazimika kutaja angalau sababu moja ya kisheria inayolifanya kosa kuwa zito zaidi; na Mahakama ya Juu ya jimbo ingepitia kila hukumu ya kifo. Mwaka 1976, katika kesi ya Gregg, utaratibu huo uliruhusiwa. Majaji waliuruhusu kwa kuamini kwamba ungezuia upendeleo, jambo ambalo wakati ule hakuna aliyekuwa amelipima.

Msomaji aliyezoea mahakama za Afrika Mashariki azingatie tofauti moja. Wazee wa baraza katika mahakama zetu walitoa maoni ambayo hayakumfunga jaji. Juri la Georgia, lenye raia 12, ndilo lililoamua kama mtu afe au aishi, halikutakiwa kueleza kwa nini lilimhurumia huyu na kumkatalia yule, na likishasema aishi, hapakuwa na wa kutengua. Kabla ya juri yupo mwendesha mashtaka wa kaunti, afisa wa kuchaguliwa kwa kura, ambaye peke yake huamua kama adhabu ya kifo iombwe au mshtakiwa aruhusiwe kukiri kosa kwa makubaliano ya kifungo cha maisha. Sheria mpya ililiwekea juri masharti, lakini mwendesha mashtaka ilimwacha huru karibu kabisa.

Takwimu zilikuwa zimewahi kufikishwa mahakamani. Katika miaka ya 1960 mwanasosholojia Marvin Wolfgang alikusanya mafaili ya hukumu za ubakaji katika majimbo ya Kusini, na utafiti wake ukatumika kumtetea mfungwa wa Arkansas. Mwaka 1968 mahakama ya rufani ya shirikisho iliukataa, na jaji aliyeandika hukumu hiyo alikuwa Harry Blackmun. Jina lake litarudi huko mbele.

Tukio na hukumu ya kwanza

Tarehe 13 Mei 1978 wanaume wanne weusi waliokuwa na silaha waliingia katika duka la samani mjini Atlanta, kaunti ya Fulton. Kengele ya siri ililia, askari polisi mweupe akaingia peke yake kwa mlango wa mbele, na risasi moja ya usoni ikamuua. Mshtakiwa wa kisa hiki alikiri kwamba alishiriki katika uporaji, akakana kwamba ndiye aliyefyatua. Upande wa mashtaka ulitegemea ushahidi wa mshiriki mwenzake na wa mahabusu wa seli ya jirani, aliyedai kwamba mshtakiwa alimweleza kuwa ndiye aliyempiga askari risasi.

Juri lilikuwa na weupe 11 na mweusi mmoja. Lilimtia hatiani mwezi Oktoba mwaka huohuo na kutaja sababu mbili za kuzidisha uzito wa kosa: kwamba mauaji yalitokea wakati wa uporaji wa kutumia silaha, na kwamba aliyeuawa alikuwa askari kazini. Upande wa utetezi haukuleta ushahidi wowote wa kupunguza adhabu. Mshtakiwa akahukumiwa kifo, na wenzake watatu hawakuhukumiwa hivyo. Mahakama ya Juu ya Georgia iliithibitisha hukumu hiyo mwaka 1980, na mfungwa akaanza safari ya maombi ya habeas corpus, yaani kuiomba mahakama ichunguze uhalali wa kufungwa kwake, kwanza katika mahakama za jimbo na kisha katika za shirikisho, akisaidiwa na mawakili wa mfuko wa utetezi wa kisheria wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi Marekani.

Utafiti wenyewe

Baldus hakuingia katika jambo hili kama mwanaharakati aliyetafuta namba za kupamba hoja. Mwaka 1980 alikuwa mwandishi mwenza wa kitabu kuhusu namna ya kuthibitisha ubaguzi kwa takwimu, na swali alilokuwa nalo mwanzoni lilikuwa la kitaalamu: je, masharti yaliyowekwa baada ya Furman yalileta uwiano uliokusudiwa? Timu yake ilichambua kesi za mauaji za Georgia za miaka ya 1970, na utafiti mkubwa zaidi kati ya miwili iliyofanywa ulisimama juu ya kesi 2,484, kuanzia hatua ya mashtaka hadi hukumu. Taarifa nyingi zilitoka katika mafaili ya bodi ya misamaha na parole ya jimbo, na kila kesi ilijaziwa dodoso refu: namna ya mauaji, idadi ya waliouawa, silaha, historia ya mshtakiwa, nguvu ya ushahidi, uhusiano wa muuaji na marehemu, na mengine mengi, hata vigeu, yaani mambo yaliyopimwa katika kila kesi, vikafika 230.

Hesabu ya kwanza, isiyo na marekebisho yoyote, inatosha kumshtua msomaji. Waliotuhumiwa kuua weupe walihukumiwa kifo katika kesi 108 kati ya 981, yaani asilimia 11. Waliotuhumiwa kuua weusi walihukumiwa kifo katika kesi 20 kati ya 1,503, yaani asilimia 1. Mweusi aliyemuua mweupe alihukumiwa kifo katika asilimia 22 ya kesi, mweupe aliyemuua mweupe asilimia 8, mweupe aliyemuua mweusi asilimia 3, na mweusi aliyemuua mweusi asilimia 1. Tukiyaweka kwa njia nyingine, watu weusi walikuwa asilimia 60 ya waliouawa katika kesi hizo, lakini kati ya hukumu 128 za kifo ni 20 tu zilizotokana na vifo vyao.

Pingamizi la wazi ni kwamba huenda kesi hizo hazifanani, kwa kuwa mauaji ya watu wasiojuana wakati wa uporaji si sawa na ugomvi wa jamaa jikoni. Kwa sababu hiyo timu ilitumia rigresheni, hesabu inayolinganisha kesi zenye sifa zinazofanana na kuacha rangi peke yake itofautiane. Baada ya kuzingatia vigeu 39 visivyohusu rangi, nisba ya kuhukumiwa kifo (waliohukumiwa dhidi ya wasiohukumiwa) kwa aliyeua mweupe ilikuwa mara 4.3 ya nisba ya aliyeua mweusi. Rangi ya mshtakiwa yenyewe ilikuwa na athari ndogo sana, mara 1.1. Ufunguo ulikuwa rangi ya marehemu, jambo ambalo wengi waliozoea kuufikiria ubaguzi kwa kumtazama mshtakiwa hawakulitarajia.

Tokeo jingine ndilo lenye uzito zaidi kwa mfungwa huyu. Athari ya rangi haikuenea sawasawa katika kesi zote. Mauaji ya kutisha kupita kiasi yalileta hukumu ya kifo bila kujali marehemu ni nani, na yale mepesi hayakuileta kabisa. Rangi ilikuwa na nguvu katika kundi la katikati, pale ambapo juri na mwendesha mashtaka wangeweza kuamua hivi au vile. Katika kundi hilo walioua weupe walihukumiwa kifo katika asilimia 34 ya kesi, na walioua weusi asilimia 14. Baldus alitoa ushahidi kwamba kesi ya mfungwa wetu iko katika kundi hilo.

Maamuzi ya upande wa mfungwa, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuleta hoja ya jimbo zima badala ya kumtafuta mtu mmoja aliyetamka neno la kibaguzi. Sababu yake inaeleweka: wajumbe wa juri hawahojiwi juu ya yaliyowasukuma, na mwendesha mashtaka hana kumbukumbu anayolazimika kuitoa. Mwendesha mashtaka wa kaunti ya Fulton alipohojiwa kwa kiapo ilibainika kwamba ofisi yake haikuwa na mwongozo wowote wa maandishi juu ya lini adhabu ya kifo iombwe. Mahali ambapo hakuna anayeandika kitu, nia hugunduliwa kwa kuhesabu matendo.

Uamuzi wa pili ulikuwa kujenga hoja juu ya nguzo mbili za Katiba. Marekebisho ya 14 yanaahidi ulinzi sawa wa sheria, lakini tangu mwaka 1976 Mahakama ya Juu ilikuwa ikisema kwamba matokeo yasiyo na uwiano hayatoshi bila nia ya kubagua. Mawakili walilijua kikwazo hilo vizuri, ndiyo maana waliongeza Marekebisho ya 8, yanayokataza adhabu za kikatili na zisizo za kawaida, na ambayo kwa mujibu wa Furman yaliangalia hatari ya hukumu kutolewa kiholela bila kuuliza nia ya mtu yeyote.

Tatu, walileta pia taarifa za Fulton peke yake. Kati ya washtakiwa 17 waliokamatwa katika kaunti hiyo kwa mauaji ya askari polisi kati ya 1973 na 1979, mfungwa huyu peke yake alihukumiwa kifo. Mmoja wa wengine alikuwa amemuua askari mweusi, na alipewa kifungo cha maisha. Ni ulinganisho ambao mtu asiyejua hesabu anauelewa mara moja, ila kwa uchache wa kesi zake hauwezi kubeba hoja peke yake.

Mwenendo mahakamani

Mwezi Agosti 1983 jaji wa mahakama ya wilaya ya shirikisho mjini Atlanta alisikiliza ushahidi wa wataalamu. Hukumu yake ya Februari 1984 iliukosoa utafiti vikali: mafaili yana mapengo, vigeu vinaingiliana, modeli hazielezi vya kutosha kwa nini hukumu hutofautiana. Jambo linalosahauliwa hapa ni kwamba jaji huyohuyo alimpa mfungwa ushindi kwa hoja tofauti, kwamba juri lilifichwa habari za ahadi aliyopewa mahabusu aliyetoa ushahidi. Mwaka 1985 mahakama ya rufani ilitengua ushindi huo, na kuhusu rangi ikasema kwamba hata utafiti ukichukuliwa kuwa sahihi, haumsaidii mwombaji.

Mahakama ya Juu ilisikiliza hoja mwezi Oktoba 1986 na kutoa hukumu tarehe 22 Aprili 1987, majaji watano dhidi ya wanne. Jaji Lewis Powell aliyeandika kwa niaba ya wengi alitumia mbinu ileile ya kuchukulia kwamba utafiti ni sahihi, kisha akadai kitu ambacho takwimu haziwezi kukitoa, yaani ushahidi kwamba waamuzi wa kesi hii hasa walikusudia kumbagua mtu huyu hasa. Alikubali kwamba mahakama hutumia takwimu katika kesi za ajira na za uteuzi wa wajumbe wa juri, lakini akasema huko waamuzi ni wachache na sababu zinachunguzika, wakati hapa kila juri ni la peke yake. Kwa kuwa uhuru wa kuamua ni uti wa mgongo wa haki jinai, alitaka uthibitisho ulio wazi kupita kawaida. Kuhusu Marekebisho ya 8 aliandika kwamba tofauti za hukumu haziepukiki katika mfumo wowote, na kwamba hoja hii ikikubaliwa itasambaa hadi kwenye adhabu nyingine na makundi mengine, hata mtu aje adai kwamba alipendelewa au kuonewa kwa sababu ya sura yake. Wenye kufaa kuzipima takwimu hizi, alisema, ni watunga sheria.

Jaji William Brennan, mmoja wa wanne waliopinga, alijibu kwamba woga huo unasikika kama woga wa haki kuzidi. Alikumbusha kwamba tangu kesi ya Gregg, Georgia ilikuwa imewaua wafungwa saba, wote kwa kuua weupe, na sita kati yao walikuwa weusi. Jaji John Paul Stevens alionyesha njia ya kati: ikiwa rangi ina nguvu katika kundi la katikati tu, basi adhabu ya kifo ibaki kwa makosa ya kutisha kupita kiasi ambako utafiti unaonyesha kwamba rangi haina kazi. Na Blackmun, yule wa Arkansas mwaka 1968, safari hii aliandika upande wa wanaopinga, akiutetea utafiti na kuwataka waendesha mashtaka waeleze uamuzi wao.

Matokeo

Kwa mfungwa, matokeo yalikuwa kifo. Baada ya hukumu ya 1987 mawakili wake walipata maelezo ya maandishi ya kurasa 21 aliyoyatoa yule mahabusu kwa polisi, yaliyoonyesha jinsi alivyomchimba mwenzake kwa maswali. Jaji wa Atlanta alimpa ushindi kwa mara ya pili, nao ukatenguliwa tena. Mwezi Aprili 1991 Mahakama ya Juu ilisema, majaji sita dhidi ya watatu, kwamba hoja hiyo ilipaswa kuletwa katika ombi la kwanza la shirikisho. Aliuawa kwa kiti cha umeme tarehe 25 Septemba 1991.

Mwaka huohuo Powell, akiwa amestaafu, aliulizwa na mwandishi wa wasifu wake kama kuna kura ambayo angeibadilisha. Alijibu kuwa ipo, na akaitaja hii. Karatasi za Jaji Thurgood Marshall zilipofunguliwa mwaka 1993 ilionekana pia barua fupi ya ndani ya Jaji Antonin Scalia ya Januari 1987, inayosema kwamba chuki na huruma zisizo na msingi, zikiwemo za rangi, zinafanya kazi kweli katika maamuzi ya majuri na waendesha mashtaka na haziwezi kung'olewa, na kwamba hawezi kusema kwa uaminifu kwamba anachohitaji ni uthibitisho zaidi. Alipiga kura upande wa Georgia.

Katika bunge la Marekani, muswada wa haki ya rangi katika adhabu ya kifo ulipita katika Baraza la Wawakilishi mwaka 1990 na 1994, na mara zote mbili haukuwa sheria. Ofisi ya uhasibu ya bunge ilipitia tafiti 28 mwaka 1990 na kukuta kwamba katika asilimia 82 ya tafiti hizo rangi ya marehemu iliathiri mashtaka au hukumu. Kentucky ilitunga sheria yake mwaka 1998, North Carolina mwaka 2009, California mwaka 2020.

Uchambuzi: utafiti ulivyofanya kazi

Kama kazi ya kitaaluma, utafiti ulisimama. Ukosoaji wa mahakama ya wilaya haukukubaliwa wala kukataliwa na mahakama za juu, uliachwa kando. Sifa yake kubwa, kwa maoni yangu, haikuwa ukubwa wa namba 4.3 bali kuonyesha *wapi* rangi inafanya kazi. Mtafiti anayedai kwamba mfumo wote umeoza huwapa wasomaji wake nafasi ya kutikisa kichwa na kuendelea na shughuli zao, lakini anayeonyesha kwamba hitilafu iko katika kundi la katikati, pale uhuru wa kuamua ulipo mpana zaidi, anakuwa ameeleza namna inavyotokea.

Namba 4.3 ndiyo iliyosafiri mbali, nayo iliwapotosha wengi, pamoja na majaji walioandika kwamba aliyeua mweupe ana uwezekano mara 4.3 wa kuhukumiwa kifo. Namba hiyo ni ya nisba ya kuhukumiwa dhidi ya kutohukumiwa, si ya uwezekano. Tuchukue kundi la katikati: asilimia 34 dhidi ya 14 ni kama mara mbili na nusu kwa uwezekano, kwa nisba ni 34 kwa 66 dhidi ya 14 kwa 86, yaani zaidi ya mara tatu. Brennan alilieleza jambo hilohilo vizuri zaidi aliposema kwamba kati ya kila watu 34 wa kundi hilo waliohukumiwa kifo kwa kuua weupe, 20 wangepona kama waliouawa wangekuwa weusi. Mtaalamu anayeandikia mahakama angeanza na sentensi ya namna hiyo na kuziacha nisba katika kiambatisho.

Uchambuzi: hoja ilipokwama

Watu wengi hukisimulia kisa hiki kama mgongano wa sayansi na majaji wasiojua hesabu. Siafiki, na barua ya Scalia inatosha kuonyesha kwa nini. Hakuna jaji aliyepiga kura kwa kukosa kuelewa kwamba rangi ina athari. Kilichoamua shauri ni swali walilochagua kujibu, na swali hilo, ni nani aliyekusudia, lilikuwa limefungwa miaka kumi kabla.

Ndani ya mipaka hiyo, naona uamuzi mmoja wa mawakili uliowagharimu. Waliwasilisha hoja ambayo ikikubaliwa ingeweza kuliondolea jimbo zima adhabu ya kifo, na hawakuuweka mbele unafuu wenye mpaka. Wazo la Stevens lilikuwemo katika takwimu zao wenyewe. Powell, ambaye kura yake ilikuwa ya tano, alijaza hukumu yake hofu ya mahali hoja ingeishia, na mtu mwenye hofu ya namna hiyo huhitaji kuonyeshwa ukuta ulipo. Sisemi kwamba angebadilika. Lakini mwaka mmoja tu kabla, yeye mwenyewe ndiye aliyeandika hukumu ya Batson inayomlazimisha mwendesha mashtaka kueleza kwa nini amewaondoa weusi katika juri, na unafuu wa kesi hiyo ulikuwa mdogo na unaopimika.

Pili, hoja ilitegemea mno hukumu za majuri kuliko mashtaka. Utafiti ulionyesha kwamba waendesha mashtaka waliomba kifo katika asilimia 70 ya kesi za weusi walioua weupe, na asilimia 15 ya weusi walioua weusi. Jibu la Powell kwamba kila juri ni la peke yake lina nguvu fulani dhidi ya hoja ya majuri, lakini ofisi ya mwendesha mashtaka ni moja, ina mkuu mmoja kwa miaka mingi, na inaweza kutakiwa ijieleze kama mwajiri anavyotakiwa. Tatizo ni kwamba katika kaunti moja kesi zilikuwa chache kwa rigresheni, na utafiti ulikuwa umejengwa kwa ajili ya jimbo.

Tatu, upande wa utetezi ulikuwa umelala katika kesi ya awali ya mwaka 1978, usilete hata shahidi mmoja wa kupunguza adhabu. Utafiti wa miaka mitano baadaye uliombwa ubebe mzigo ambao sehemu yake ingebebwa na wakili wa kawaida aliyejiandaa.

Baada ya mlango kufungwa

Powell alisema takwimu zipelekwe kwa watunga sheria, na wanasheria wa vyuo vikuu wakamchukua kwa neno lake. Sheria ya North Carolina ya 2009 iliruhusu mfungwa kutumia takwimu bila kuthibitisha nia ya mtu. Maprofesa wawili wa sheria wa Chuo Kikuu cha Michigan State, Catherine Grosso, aliyewahi kufanya utafiti pamoja na Baldus, na Barbara O'Brien, walikusanya kumbukumbu za uteuzi wa majuri na kukuta kwamba waendesha mashtaka waliwaondoa wajumbe weusi kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wengine. Aprili 2012 jaji alibadilisha adhabu ya mfungwa mmoja kuwa kifungo cha maisha kwa msingi huo. Ni takribani utafiti wa aina ileile, mbele ya jaji wa kawaida wa kaunti, ukiwa na tofauti moja kwamba sheria ilikuwa imeuliza swali ambalo takwimu zinaweza kulijibu. Mwaka uliofuata bunge la jimbo likaifuta sheria, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya North Carolina ikaamua kwamba ufutaji huo hauwagusi waliokwisha kuwasilisha maombi yao.

Jimbo la Washington lilipita njia nyingine. Mwaka 2018 mahakama ya juu ya jimbo hilo iliiondoa adhabu ya kifo kwa kutegemea utafiti wa takwimu, chini ya katiba ya jimbo lenyewe, ambako hukumu ya 1987 haina nguvu ya kuwazuia majaji.

Baldus alifariki mwaka 2011. Mwaka 2020 profesa wa sheria Justin Marceau na mwanasosholojia Scott Phillips, wote wa Chuo Kikuu cha Denver, walilirudia faili lake la Georgia na kufuatilia hatima ya washtakiwa walewale hadi mwisho, kwa kuwa yeye aliishia kwenye hukumu na wengi waliohukumiwa kifo huondolewa adhabu hiyo kwa rufani au msamaha. Waliouawa na serikali walikuwa asilimia 2.26 ya walioua weupe na asilimia 0.13 ya walioua weusi. Mahakama za rufani, ambazo mwaka 1976 zilitajwa kama kinga dhidi ya upendeleo, zilipokwisha kuzichuja kesi hizo pengo lilikuwa limefika mara 17.